Kiti cha Mtu Mmoja

TANGAZO. Kamati ya Jumba la Ustawi, Arusha, katika kikao chake cha kawaida, imeazimia kuwaarifu wanachama wote na umma kwa jumla kwamba kiti cha piano kilichomo jumbani ni kiti cha mtu mmoja, na kwamba kuanzia leo ni marufuku watu wawili kukikalia kwa wakati mmoja, wawe wanapiga au hawapigi. Atakayekiuka atanyimwa ufunguo. Kwa amri ya Mwenyekiti, Bwana Abdulrahim.

Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni kwa gundi ya unga, ikakaa hapo hadi jua likazifubaza herufi zake. Wengi walioisoma walidhani kiti kilikuwa kibovu. Kiti kilikuwa imara. Kilikuwa cha mninga, kirefu kiasi cha kuwatosha watu wawili waliozoeana, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake.

Watu wawili hao walikuwa Hedwiga Ndesanjo, mwalimu wa shule ya wasichana, Mkatoliki wa Kibosho, na Ephraimu Kaanaeli, karani wa shamba la kahawa huko Momela, Mlutheri wa Machame. Kibosho na Machame zimetenganishwa na mto ambao wakati wa kiangazi mtu huuvuka bila kulowesha magoti, na pia na kumbukumbu za vita ambavyo hakuna aliye hai aliyevipigana. Wamisionari walipofika, kila upande ulijichagulia dhehebu lake, na ugomvi wa zamani ukapata msamiati mpya. Familia hizo mbili zilipohamia Arusha, moja Daraja Mbili na nyingine upande wa Engutoto, hazikuacha nyuma chochote kati ya hayo.

Wazee wa Kilutheri walikwenda dukani kwa Bwana Abdulrahim kulalamika kwamba binti wa Kikatoliki anamkaribia mno kijana wao. Siku hiyo hiyo wazee wa Kikatoliki wakaenda kulalamika kwamba kijana wa Kilutheri anamkaribia mno binti yao. Bwana Abdulrahim, muuza vitambaa ambaye babu yake alitoka Pangani, alichaguliwa kuwa mwenyekiti kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Aliwasikiliza wote, akamwambia karani wake, Jamaldini, kwamba hilo ndilo jambo la kwanza ambalo pande hizo mbili zimekubaliana mwaka ule. Kisha akafanya kile ambacho wenyeviti hufanya. Aliliacha jambo lenyewe, akatoa amri juu ya samani.

Ukaribu huo ulianza kwa kosa la miguu. Piano ile iliachwa na ofisa mmoja aliyerudi kwao, na kabla yake Hedwiga hakuwa amepiga kingine ila kinanda cha kanisani, kile ambacho mpigaji hukikanyagia pumzi mfululizo, mguu wa kulia na wa kushoto, ili kisinyamaze. Siku ya kwanza alipoketi mbele ya piano, miguu yake ilivitafuta vikanyagio kwa mazoea, ikaanza kazi, kulia na kushoto, na sauti zikavurugana kama watu wanaosali kila mmoja kwa lugha yake. Ephraimu, ambaye alikuwa anasubiri zamu ya kwaya ya Walutheri, alivumilia kwa muda, kisha akasogea.

“Hii haihitaji pumzi, dada.”

Hedwiga hakugeuka. “Basi inaishi kwa nini?”

“Haiishi. Ukiigonga tu, sauti inaanza kufa papo hapo. Kazi ya mpigaji ni kuwaficha watu habari hiyo.”

Alijua hayo kwa sababu mjane wa Kizungu mwenye shamba la Momela alikuwa na piano, na kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumsikiliza, alimfundisha karani wake. Miguu ya Hedwiga haikukubali kutulia siku ile wala iliyofuata. Mwishowe Ephraimu aliketi kando yake ili amshikie vikanyagio, na kwa kuwa alikwisha kukaa, akachukua na kazi ya mkono wa kushoto.

Walipiga wimbo mmoja tu. Ulikuwa ni dansi ya polepole ya kurasa mbili, yenye umri wa karne mbili na zaidi, iliyotungwa Ulaya kwa ajili ya aina ya kinanda ambayo nyuzi zake hazikugongwa kwa nyundo. Zilidonolewa kwa ncha za manyoya ya ndege, Ephraimu alimweleza, na sauti yake ilikatika upesi kuliko hata ya piano. Ndiyo sababu mtunzi aliitia nakshi, zile nota ndogo zinazotetemeka juu ya kila nota ndefu. Hayakuwa mapambo. Alikuwa anajaribu kuizuia sauti isife kabla ya wakati wake.

Dansi hiyo ilikuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ilipaswa kupigwa mara mbili.

“Kwa nini turudie?” Hedwiga aliuliza.

“Labda mara ya kwanza msikilizaji alikuwa anawaza mambo yake.”

Katikati ya ukurasa wa pili palikuwa na nota moja ambayo mikono yote miwili iliihitaji kwa zamu, kwanza gumba la kulia, kisha gumba la kushoto, juu ya kibao kile kile cheupe. Mtu mmoja akipiga peke yake, magumba yake hupishana na hakuna linalotokea. Watu wawili wakipiga, kila mmoja kwa mkono wake, hukutana hapo. Walikutana hapo kila alasiri ya Alhamisi, na hawakuzungumza juu yake, na kila mmoja alichelewa kidogo kuondoa kidole chake. Kisha tangazo likabandikwa.

Siku walipolisoma, Hedwiga alisimama naye barazani akamwambia neno moja tu, kwamba aje nyumbani. Kwao Kibosho, kijana anayeambiwa hivyo na binti hahitaji maelezo. Huwaita wazee wake, mbege, pombe ya ndizi, hupikwa, na mtungi wa kwanza hubebwa hadi kwa baba wa binti kama hodi. Ephraimu akamwuliza Hedwiga baba yake anasemaje. Hedwiga akacheka, akamwambia kwamba Mzee Ndesanjo alipolisikia jina la Ephraimu aliweka kijiko chini na kuuliza mtu wa Machame ana nini ambacho wao hawana.

Katika nyumba ya Mzee Ndesanjo maneno kama hayo yalikuwa mkeka uliokwisha kutandikwa. Mtu asiyetakiwa hakutaniwa, na jina lake halikutajwa mezani. Lakini Ephraimu alilelewa na Mzee Kaanaeli, mzee wa kanisa aliyeokoka wakati wa uamsho, ambaye nyumbani mwake utani ulihesabiwa kuwa dada mdogo wa uongo na kila swali lilitazamiwa kupata jibu. Zaidi ya hayo, Mzee Kaanaeli alimweleza mwanawe bila kupandisha sauti kwamba hatabeba pombe kuipeleka kwa mtu yeyote, sembuse kwa Mkatoliki. Hivyo kijana alibaki na swali mkononi na hana mtungi. Akaondoka kwenda kutafuta kitu ambacho watu wa Kibosho hawana.

Alikipata ndani ya sanduku la mjane. Kizazi kimoja nyuma, mpigaji mmoja mashuhuri wa piano aliichukua ile dansi ndogo na kuiandika upya. Kila kilichopigwa kwa kidole kimoja kilipewa mkono mzima. Pale ambapo mtunzi wa kwanza alirudia, yeye alijenga ghorofa. Wimbo wenyewe aliuweka katikati, ukipokezanwa kati ya magumba mawili, na kuuzungushia pande zote mbio za vidole kiasi kwamba msikilizaji angeapa kuna mikono mitatu. Mjane alimwonya kwamba huo si wimbo ule tena, ni mtu anayewasimulia watu elfu moja habari za wimbo ule. Ephraimu hakuona kasoro yoyote katika jambo hilo. Mzee Ndesanjo alikuwa mwalimu wa kwaya, hivyo angelielewa jibu.

Kahawa ikachumwa, ikachanua, ikachumwa tena, mwaka baada ya mwaka. Kila jioni madirisha ya nyumba ya mjane yalitoa mbio zile zile, zikikatika mahali pale pale, na vijiji vya ng'ambo ya Maziwa ya Momela vikazizoea kama vilivyozoea vyura. Kwa Hedwiga alipeleka salamu kupitia wapeleka maziwa mjini, kwamba asubiri, kuna jambo analitayarisha. Hedwiga alisubiri mpaka kusubiri kwake kukajulikana na majirani, jambo ambalo kwa binti wa Daraja Mbili ni sawa na kuugua hadharani.

Jumamosi ambayo Ephraimu alipiga, jumba lilijaa. Walutheri waliketi upande wa kulia na Wakatoliki upande wa kushoto, ingawa hakuna aliyewapangia. Bwana Abdulrahim aliketi katikati. Hedwiga aliingia amevaa gauni la kijivu, akiongozana na baba yake na shangazi yake Ndeshi, na Ephraimu, aliyesimama karibu na piano akifuta mikono yake kwa leso, alimwona kabla ya kuwaona wengine. Hedwiga naye alimtazama. Mtazamo wake ulikuwa wa mtu anayeipita nyumba aliyowahi kuishi, akaona wapangaji wapya wameanika nguo.

Alikuwa na sababu. Jumapili iliyotangulia, kanisani kwao, jina lake lilisomwa kwa mara ya pili katika matangazo ya ndoa pamoja na la Reginald, mganga msaidizi wa Kibosho, ambaye wazee wake walifika na mtungi katikati ya masika wakiwa wamelowa hadi mifupa. Tangazo la tatu na la mwisho lingesomwa kesho yake. Ephraimu hakulijua. Walutheri na Wakatoliki wa Arusha walijua mengi juu ya wenzao, isipokuwa yale yenye manufaa.

Alipiga vizuri. Hilo lazima lisemwe, maana hapakuwa na faraja nyingine siku ile. Alianza na dansi ikiwa karibu tupu, na Hedwiga, ambaye aliitambua tangu nota ya pili, aliinamisha kichwa. Kisha mikono ikafunguka. Mbio zilipanda hadi mwisho wa vibao na kushuka, mkono wa kushoto ukaruka juu ya wa kulia na kurudi, na upande wa Walutheri watu waliacha kujipepea. Mzee mmoja wa Kikatoliki aliinuka nusu ili aone mikono ilikuwa mingapi. Chini ya hayo yote wimbo ulikuwa bado unatembea, mtulivu, gumba kwa gumba, kama mtu anayevuka soko bila kununua chochote. Alipofika kwenye ile nota ya katikati ya ukurasa wa pili, Ephraimu aliipiga kwa gumba la kulia, kisha kwa la kushoto, na hakuchelewa, kwa sababu mwendo aliokuwa nao haukuruhusu.

Makofi yalikuwa mengi, na kwa mara ya kwanza tangu jumba lijengwe yalitoka pande zote mbili kwa pamoja. Hedwiga aliondoka kabla hayajaisha. Ephraimu alimkuta barazani. Mvua iliyoshuka kutoka Meru ilikuwa imekwisha kufika, ikipiga mabati. Shangazi Ndeshi alisimama mlangoni, akawapa mgongo kwa heshima, lakini masikio hakuyageuza.

“Kijana wa Machame,” alisema bila kuangalia nyuma, “leo umeitoa jasho piano ya watu. Ongea upesi. Mvua ikikatika tunakwenda zetu.”

Ephraimu akamshukuru. Kisha akamgeukia Hedwiga, na maneno aliyoyatayarisha pamoja na muziki wote ule yalikuwa machache kuliko alivyodhani.

“Umeusikia?”

“Nimeusikia.”

“Ni jibu. Nimeutayarisha kwa ajili yako na kwa ajili ya baba yako. Aliuliza mtu wa Machame ana nini ambacho ninyi hamna.”

Hedwiga alimwangalia kwa muda mrefu, na katika muda huo uso wake ulibadilika mara mbili. Kwanza ulikuwa wa mtu asiyeelewa. Kisha ukawa wa mtu aliyeelewa, na huo wa pili ndio uliomtisha Ephraimu.

“Miaka yote hiyo,” alisema, “ulikuwa unajibu hilo?”

“Ningejibu nini kingine?”

“Baba huwatania watu anaowataka, Ephraimu. Kuna mtu aliwahi kuleta posa kabla yako, na baba hakumtania hata kidogo. Alimnywesha chai, akamuaga kwa adabu, akafunga mlango. Wewe alikutaja mezani jioni nzima.”

“Wazee wangu hawabebi pombe. Unajua.”

“Mngebeba maziwa. Baba alisema mbele ya shangazi huyu kwamba Walutheri wakija na maziwa atayanywa, halafu atalalamika mwaka mzima. Alikuwa ameshaanza kuyafikiria atakayoyalalamikia.”

Shangazi Ndeshi alikohoa pale mlangoni, na kikohozi kile kilikuwa ushahidi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Nilikuambia uje nyumbani. Nilidhani hayo ni maneno kamili.” Akaifuta mvua iliyomrukia mkononi. “Lakini nami nilikosea. Momela si Ulaya. Lori la maziwa huja kila siku, na dereva wake ni mtu wa heshima. Ningepanda nikaja kukuuliza unatayarisha nini. Niliona haya. Nilitaka uje mwenyewe, nikawa nakaa dirishani kama mgonjwa, na watu wakapita wakanipa pole.”

Ephraimu alitafuta mahali pa kuweka mikono yake, ile mikono iliyokuwa imeshangiliwa muda mfupi uliopita, akaiweka juu ya ukingo wa baraza. Alimwuliza, kwa sauti ambayo mvua ilikaribia kuimeza, kama basi aliusikia wimbo wao humo ndani. Kama aliutambua.

“Niliutambua. Ulikuwa katikati, kwenye magumba.” Akaangalia upande wa miti. “Pale palipokuwa na kidole changu, umeweka chako.”

Ephraimu aliitazama mikono yake pale ukingoni.

“Ulinifundisha wewe mwenyewe,” Hedwiga aliendelea taratibu, “kwamba yule wa kwanza alitia nakshi kwa sababu sauti ilikuwa inakufa. Nimekaa pale nikajiuliza. Wewe umetia zote zile kwa sababu gani?”

“Niliogopa,” alisema. “Nilidhani ukiusikia ukiwa mtupu utaona jinsi nilivyo mtu wa kawaida.”

“Nilikuwa nimeshaona. Ndiyo sababu nilikusubiri.”

Kisha akamwambia habari za Reginald, kwa utaratibu, bila kupunguza wala kuongeza. Alimwambia kwamba ni mtu mwema. Alimwambia kwamba tangazo la tatu litasomwa kesho. Ephraimu alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu kwa lugha anayoielewa vizuri mno.

“Katika tangazo lenu,” alisema mwishowe, “padri huuliza kama kuna mtu ajuaye kizuizi.”

“Huuliza.”

“Na mtu akisimama?”

“Utasimama ukataje kizuizi gani?”

“Kwamba nakupenda.”

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo. Hedwiga alifumba macho akalipokea, akayafumbua tena.

“Hicho hakimo katika vizuizi vyao,” alisema. “Na hata kingekuwamo. Reginald aliniuliza, nami nikamjibu. Ni jambo dogo sana, Ephraimu, lakini limeshafanyika.”

Mvua ilikuwa inapungua. Wote wawili waliisikia, na wote wawili walitazama juu kwenye mabati, kana kwamba huko palikuwa na mtu wa kuombwa. Ephraimu akasema ana ombi moja. Alitaka wapige ule wa kurasa mbili, kama zamani, mara moja tu, kabla hawajaondoka. Hedwiga hakusema ndiyo. Alitangulia kuingia.

Ndani, watu wengi walikuwa bado wanasubiri mvua. Jamaldini alikuwa ameshafunika piano na kuushika ufunguo. Ephraimu alipomweleza, karani alionyesha mlango na karatasi iliyofifia, akasema kwa huzuni ya mtu asiye na mamlaka kwamba angependa sana, lakini kiti ni cha mtu mmoja. Hapo ndipo Shangazi Ndeshi alipoingilia kati.

“Karatasi imekataza kukaa,” alisema. “Huyu wangu atasimama. Fungua, baba, usitupotezee mvua.”

Jamaldini akamtazama Bwana Abdulrahim. Mwenyekiti alikuwa anauchunguza mpini wa mwavuli wake kwa makini sana. Piano ikafunguliwa.

Ephraimu aliketi mwisho wa kiti, upande wa kushoto, kwa mazoea. Nafasi ya kulia ilibaki tupu, na Hedwiga akasimama mbele yake, ameinama kidogo kama mtu anayefua kwenye beseni lililo chini mno. Walianza. Baada ya yale yaliyosikika saa ile, wimbo ulikuwa mwembamba na mfupi, na baadhi ya watu walidhani wanajaribu kama piano haikuharibika. Mzee Ndesanjo peke yake aliacha kutafuta kofia yake.

Mwisho wa sehemu ya kwanza, mkono wa Ephraimu ulirudi mwanzo ili urudie, kama ulivyozoea. Mkono wa Hedwiga ulikwenda mbele. Ikawa sauti mbili zisizohusiana kwa muda wa pumzi moja, kisha Ephraimu akamfuata. Hawakurudia tena chochote. Walipoikaribia ile nota ya ukurasa wa pili, gumba la Hedwiga lilishuka juu yake, na zamu ya Ephraimu ilipofika, aliinua kidole chake akakiacha hewani. Hedwiga alibaki ameibonyeza nota ile kwa urefu wote iliyoandikiwa, na zaidi, mpaka hapakuwa na kitu cha kusikika. Kisha wakamaliza mistari iliyobaki.

Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa hakuna aliyejua kama umekwisha.

Hedwiga alinyoosha gauni lake. Alimwangalia Ephraimu mara moja, karibu kabisa, kwa macho yale yale ya Alhamisi za zamani, na kama angemwangalia hivyo kwa muda mrefu zaidi mambo mengi yangeharibika. Akashusha macho, akaenda kwa shangazi yake. Mzee Ndesanjo ndiye aliyekuja.

“Shikamoo, baba,” Ephraimu alisema, akasimama.

“Marahaba, mwanangu. Una vidole. Ule mkubwa sijawahi kusikia mfano wake, na nimefundisha kwaya tangu kabla hujazaliwa.” Mzee aliizungusha kofia yake mikononi. “Lakini mimi nilikuwa nyumbani tu. Kila Jumapili baada ya misa nilikuwa nakaa nyumbani.”

Akaivaa kofia, akatoka. Mvua ilikuwa imekatika kama shangazi alivyotabiri, na watatu hao walishuka ngazi kwa uangalifu, wakikwepa madimbwi, wakishika njia ya Daraja Mbili.

Kesho yake jina la Hedwiga lilisomwa mara ya tatu, na padri aliuliza alichopaswa kuuliza. Nje, ng'ambo ya barabara, kijana mmoja wa Kilutheri alisimama chini ya ukingo wa duka lililofungwa mpaka watu walipotoka, kisha akaenda kulitafuta lori la Momela. Harusi ilifanyika Kibosho. Wanasema mbege ilikuwa nzuri. Mjane alipomwuliza karani wake kwa nini hapigi tena ile kubwa, alijibu kwamba imekwisha, na jioni zake akazitumia kwa kurasa mbili za zamani, mkono wa kushoto peke yake.

Bwana Abdulrahim hakuwa mtu asiye na moyo. Yule binti aliyesimama ameinama, na nafasi tupu nyuma yake, vilimsumbua hadi dukani, katikati ya kupima vitambaa. Katika kikao kilichofuata aliliweka jambo hilo mbele ya kamati. Walutheri walizungumza, Wakatoliki walizungumza, na kwa mara nyingine walikubaliana. Baada ya juma moja, fundi seremala alipokwisha kuchukua vipimo, Jamaldini alibandua karatasi ya zamani na kubandika mpya mahali pake.

TANGAZO. Kamati ya Jumba la Ustawi, Arusha, baada ya kupokea habari kwamba bibi mmoja mwenye heshima zake alilazimika kupiga piano akiwa amesimama, na baada ya kulitafakari suala hilo kwa kina, imeazimia kwamba kitengenezwe kiti cha pili, cha mninga, chenye kimo sawa na cha kwanza, ili wapigaji wawili wapate kuketi kwa pamoja bila kukiuka kanuni. Viti hivyo vitatenganishwa kwa nafasi isiyopungua futi mbili. Kiti cha pili kitatunzwa chini ya kifuniko mpaka atakapopatikana wa kukikalia. Kamati imeridhika kwamba kwa hatua hii suala la piano limekwisha.